Sura ya Sita: Mestini, Kijiko na Ukoko

Igowole haijawahi kuwa mji wa jeshi. Ni mji wa mahindi, maharage, viazi na chai, uliokaa kwenye barabara inayotoka Nyololo kwenda Kibao na Mtwango, katika nyanda za Mufindi ambako mwezi Juni na Julai baridi hushuka mpaka majani yakaamka meupe. Lakini keti jioni kwenye kijiwe chochote cha mji huu, hutakosa mtu aliyepita jeshini: aliyekwenda JKT kwa kujitolea, aliyekwenda kwa mujibu wa sheria, au mgambo aliyepandishwa lori kwenda vita vya Kagera. Nimekaa sana na watu hawa. Wana habari za kwata, za lindo la usiku, za mabega yaliyochubuka kwa mikanda ya mabegi. Ukiwaacha wachague wenyewe pa kuanzia, wanaanza na chakula.

Na wanaanza kwa kucheka. Mtu mwenye wajukuu, mwenye shamba la miti na ng'ombe wa maziwa, mtu ambaye mkewe anampikia wali siku yoyote anayoutaka, atakusimulia maharage ya kambini ya miaka arobaini iliyopita huku macho yakimtoka machozi ya kicheko. Atakuonyesha kwa mikono ukubwa wa ule ugali. Atasimama akuigizie alivyokuwa akiubeba. Chakula chenyewe ni kilekile alichozaliwa nacho, maana hapa Mufindi hakuna nyumba isiyojua ugali na maharage. Kwa nini basi ule wa kambini ndio anaoukumbuka, na sio ule wa mama yake?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu nitaliweka mezani mapema ili msomaji alipime katika kurasa zinazofuata. Askari hucheka chakula chake kwa sababu kimefika. Penye kicheko juu ya maharage mabichi, jua kwamba kuna mtu aliyapata maharage, akayasafirisha, akayapika, na yakafika kwa wakati. Historia ya nyanda hizi inatuonyesha pia upande wa pili, wakati chakula kilipokuwa hakifiki. Huko sijakutana na kicheko.

Tuanze Mafinga. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria iliyowalazimu wasomi nao kupita huko, wale wanaoitwa mpaka leo vijana wa mujibu wa sheria; utaratibu huo ukasimama mwaka 1994, ukarudi mwaka 2013. Kambi ya Mafinga, 841 KJ, ni miongoni mwa kambi zinazopokea vijana hao kila mwaka. Tangazo la wito huwataka waje na bukta ya bluu isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi, shuka mbili, na kwa wale waliopangiwa mikoa ya baridi, nguo za kuwakinga. Kijana wa Pwani aliyezoea kulala bila shuka anausoma mstari huo wa mwisho harakaharaka. Akifika Mafinga anaukumbuka.

Kuna jambo moja la jiko la Mafinga ambalo makuruta hulilaumu bila kujua chanzo chake. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 94 hivi, hayafiki 100 kama yanavyofika Dar es Salaam. Harage halijali sufuria inatokota kwa kelele kiasi gani, linajali joto. Kwa hiyo harage lililoiva Kibaha kwa saa mbili, Mafinga linataka muda mrefu zaidi na kuni nyingi zaidi, na mpishi wa kambi ana mamia ya watu wanaosubiri filimbi. Hapo ndipo maharage magumu yanapopatikana, na hapo ndipo mzaha unapozaliwa: kwamba haya si ya kula, ni ya kupeleka ghala la silaha, kwamba afande ameyahesabu na yarudishwe baada ya mazoezi. Mama wa Igowole analijua tatizo hili tangu utotoni. Anayaloweka maharage usiku kucha, anayabandika alfajiri, anarudi kutoka shambani yakiwa jikoni bado. Jiko la kambi halina nafasi ya subira hiyo kila siku.

Kisha wapo wadudu. Maharage na mahindi yakikaa ghalani fukusi huingia, hilo ni la kila ghala duniani. Kuruta wa wiki ya kwanza akimwona fukusi anaelea anasukuma sahani pembeni. Wa wiki ya tatu anamwondoa kwa ncha ya kijiko na kuendelea. Wa mwezi wa pili anamwambia jirani yake kwamba leo wameongezewa nyama, na meza nzima inacheka. Kila aliyepita huko ameusikia mzaha huu, hata waliosoma shule za bweni wanao, na mimi nauheshimu. Kijana aliyeweza kuutamka amevuka mto. Ameacha kujihesabu kuwa mgeni anayehudumiwa vibaya, amekuwa mmoja wa wanaokula.

Lakini fahari ya jiko la kambi ni ukoko. Ugali wa watu mia kadhaa hupikwa kwenye sufuria ambamo mpishi huusonga kwa mwiko mrefu kama kasia, amesimama, mwili mzima ukifanya kazi. Ugali ukishapakuliwa, chini hubaki tabaka lililoshikana na chuma, kahawia, kavu, lenye harufu ya moshi na mahindi ya kukaanga. Zamu ya jikoni ni kazi ngumu: kuamka kabla ya wenzako, kubeba maji, kupasua kuni, kuosha masufuria ambayo mtu anaweza kuingia ndani yake. Ilipaswa kuogopwa. Badala yake, waliopita huko wananiambia, watu waliigombea, kwa sababu anayeosha sufuria ndiye mwenye ukoko. Walitia ukoko mfukoni wakala lindoni, usiku, kidogo kidogo, kwa kuuvunja. Mtu aliyekupa kipande cha ukoko saa nane za usiku katika baridi ya Julai hutamsahau mpaka kufa.

Sasa vyombo. Jeshini unavaa kinachovaliwa na wote, unalala kitanda kinacholingana na cha jirani, unanyolewa kichwa kinachofanana na vichwa vingine. Katika usawa huo mtu hutafuta kitu cha kusema ni changu, na vitu vya karibu kabisa ni mestini na kijiko. Mestini ya askari ni chombo cha bati jepesi la alumini, mara nyingi viwili vinavyoingiana, kimoja ndani ya kingine, kila kimoja na mpini unaokunjwa. Kinapikia, kinapakulia, kinatekea maji, kinachemshia chai, kinanyolea ndevu. Kikigeuzwa na kupigwa kwa kijiko kinakuwa ngoma ya nyimbo za mchakamchaka. Mwenyewe hukichonga jina kwa msumari, au alama tu, au jina la kijiji chake. Baada ya miezi michache anakijua kwa kukishika gizani: pale kilipobonyea alipoanguka nacho mtoni, pale mpini ulipolegea.

Kijiko kina heshima zaidi. Mestini ikipotea unaweza kula kwa jani, kwa kifuniko, kwa mkono ulio wazi. Ugali wenyewe ni wa mkono. Lakini uji hauna huruma kwa asiye na kijiko, na uji ndio wa asubuhi, wakati muda ni mfupi kuliko wote. Ndiyo maana kijiko cha askari hakikai kwenye kabati. Kinakaa mwilini: mfuko wa shati, ndani ya soksi, nyuma ya mkanda. Atakayekuazima kijiko chake kabla hajamaliza kula ni ndugu yako.

Mapenzi haya ya chombo kidogo yako katika majeshi ya dunia nzima, na yana historia ya kuchekesha kweli. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula ndani ya chupa zilizofungwa na kuchemshwa, akapewa na serikali ya Napoleon zawadi ya faranga 12,000. Mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza Uingereza ya kutumia kopo la bati. Kopo likaenda vitani na baharini, imara, zito, lisilooza. Kifungulio chake kikaja zaidi ya miaka 40 baadaye. Kizazi kizima cha askari na mabaharia kililifungua kwa patasi na nyundo, kwa singe, kwa jiwe. Nadhani hapo ndipo askari alipojifunza kupenda chombo kuliko chakula: chakula kilikuwepo, mkononi mwake, na hakuweza kukifikia.

Wamarekani walilitatua mwaka 1942 kwa kipande cha chuma kinachokunjwa, kirefu kiasi cha kiungo cha kidole gumba, kinachoitwa P-38. Askari alikivaa shingoni kwenye mnyororo mmoja na vibati vya utambulisho. Kilifungua kopo, kilikaza skrubu, kilikwangua matope kwenye buti. Chakula cha makopo kilipoachwa katika miaka ya 1980 na nafasi yake kuchukuliwa na mifuko ya plastiki, kifungulio kilikosa kazi, lakini wazee waliopigana Vietnam bado wamekitia kwenye funguo za magari yao. Australia nao wana chao, kinachoambatana na pakiti ya chakula cha vitani: upande mmoja kinafungua kopo, katikati kinafungua chupa, upande mwingine ni kijiko kidogo kisichotosha mdomo. Jina lake rasmi lilifupishwa kuwa FRED. Askari wakazipa herufi hizo maana yao wenyewe yenye tusi ndani yake, na kwa maana hiyohiyo ya tusi ndivyo wanavyokipenda. Ukimsikia askari anatukana kijiko chake, mwangalie anavyokifuta baada ya kula.

Sasa ule upande wa pili, wakati chakula kilipokuwa hakifiki. Kutoka Igowole ukirudi Nyololo, ukavuka barabara kuu na kuelekea magharibi, unafika Malangali. Wengi wanaijua kwa sekondari yake kongwe. Tarehe 24 Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, palikuwa na mapigano. Jeshi la Jenerali Edward Northey lilikuwa limeingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likiwasukuma Wajerumani kutoka Tukuyu kupanda nyanda hizi. Walipigana Malangali siku nzima katika baridi ya Julai, Wajerumani wakarudi nyuma, na kabla ya Agosti kwisha Northey alikuwa Iringa. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Mimi nataka kuuliza walikula nini.

Chakula kilipanda kutoka Ziwa Nyasa kwa vichwa vya watu. Mbung'o waliua ng'ombe, barabara za magari zilikuwa bado kukatwa, reli ilikuwa mbali. Basi tufanye hesabu ambayo kila ofisa wa ugavi aliifanya kwa uchungu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 27 hivi, ambao kwa kipimo cha soko la Igowole ni kama debe moja na nusu la mahindi. Naye pia ni mtu, anakula. Mpe kilo moja ya unga kwa siku, aichote kwenye mzigo wake. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, ameshakula kilo 20, na askari aliyeko mbele amepata kilo 7. Akienda siku 13 na kurudi 13, amemfikishia askari kilo moja. Zaidi ya hapo mpagazi anatembea kwa ajili ya kujilisha mwenyewe njiani. Ili kilo chache zifike, watu wengi walipaswa kutembea, na ili wengi watembee, walipaswa kupewa chakula kidogo. Hesabu ile haikuwa na huruma ndani yake.

Unga wenyewe uliwaua. Ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa kwa haraka, chenga kubwa, na wapagazi wengi walitoka kwao ambako chakula kilikuwa ndizi, mtama au muhogo, tumbo halikuuzoea. Walifika kituoni jioni, wamechoka, kuni zimeloa, sufuria ni chache kwa watu wote wale. Wakala ugali usioiva. Kuhara kukafuata, na kuhara damu, na mtu aliyehara leo kesho anatwikwa tena. Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi cha Afrika Mashariki ya Kiingereza, alipigana na wakubwa wake ili watu wapewe chakula kilichosagwa vizuri na kupikwa ipasavyo, na pale lilipofanyika vifo vilipungua. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kati ya wapagazi wa upande wa Waingereza kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi, wachache sana kwa risasi.

Nimewatafuta watu hawa katika mizaha ya jeshi na sikuwaona. Mzaha juu ya harage gumu unahitaji mtu atakayeishi mpaka kesho aone kama la kesho limeiva. Dar es Salaam ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe. Nairobi, kwenye barabara inayoitwa sasa Kenyatta, zipo sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Naipenda ile ya Nairobi zaidi. Ningependa hata zaidi kama kungekuwa na sufuria.

Upande wa Wajerumani hali ilikuwa nyingine, na hapa kicheko kinajitokeza, ingawa gharama yake ililipwa na wengine. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao, alisafiri na mkewe na mara nyingi na kijana wa kumbebea sufuria, kwa hiyo jiko lake lilitembea naye. Baada ya kufungiwa bahari walijitengenezea kila kitu: mkate bila ngano, viatu vya ngozi za wanyama waliowinda. Kwinini walichemsha kutokana na gome la mti, maji machungu kupita kiasi, na Wazungu wa kikosi wakayapa jina la pombe ya Lettow. Mafuta waliyoyasifu kuliko yote yalikuwa ya kiboko. Lettow mwenyewe aliyaandika kwa upendo. Tarehe 25 Novemba 1917, wakiwa hawana kitu, walivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno Ngomano, wakavaa, wakala na kujaza bunduki kwa mali ya adui. Julai 1918 huko Nhamacurra, karibu na Quelimane, waliteka kiwanda cha sukari na kituo cha reli chenye shehena ya chakula na mvinyo kuliko walivyoweza kubeba. Kilichofuata unaweza kukidhania.

Lakini mwisho wa mwaka huohuo walirudi kwetu. Walivuka Ruvuma kuja kaskazini, wakapita Songea na Ubena, ambako Oktoba walimwacha Jenerali Wahle akiwa mgonjwa, wakaendelea Mbozi na kuvuka mpaka wa Rhodesia, hadi kusalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kila hatua walikula ghala la mtu. Waingereza waliowafuata nao walikula lililobaki. Huko Ugogo njaa ya miaka hiyo ina jina lake, Mtunya, na wazee hawalitaji kwa kicheko. Ninaposoma habari za mafuta ya kiboko nacheka pamoja na askari. Kisha nakumbuka kwamba Mbena aliyeamka akakuta kihenge chake kitupu hakuandika kitabu.

Vita vilivyofuata vilijifunza kitu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma, ndani yake kulikuwa na batalioni za Tanganyika za King's African Rifles (KAR), ya 26 na ya 36, ikashuka bonde la Kabaw katika masika ambayo matope yake yalimeza magari. Tarehe 2 Desemba walikuwa Kalewa. Safari hii chakula hakikuja kichwani. Kilianguka kutoka mbinguni. Ndege za Dakota zilipita chini, makopo yakashuka kwa miavuli, na magunia ya nafaka yakatupwa hivyohivyo, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Waliokuwa chini walijifunza kukimbia kuelekea chakula na kukikimbia kwa wakati mmoja. Jeshi la Mwingereza liliwapangia Wazungu, Wahindi na Waafrika posho tofauti kwa rangi ya ngozi, na askari waliliona na hawakulisahau waliporudi. Hata hivyo nyama ya kopo iliwafikia, biskuti ngumu ziliwafikia, na kwa hiyo mizaha iliwezekana. Makopo matupu nayo hayakutupwa: mafundi bati wetu walishajua kutengeneza koroboi na vikombe kwa kila kopo lililowapitia mikononi.

Kagera ilikuwa jambo jingine kabisa. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunao. Uwezo ule ulikuwa pia wa tumbo. Jeshi lilivimba kwa mgambo na vijana wa JKT hadi zaidi ya watu 100,000, na hawa wote walitakiwa kula kila siku, mbali, kwa barabara mbovu, katika mvua. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa. Wananchi wakatoa ng'ombe, mbuzi, mahindi, maharage, fedha. Mkulima wa kijijini hakuhitaji kuelezwa posho ni nini; aliipima kwa debe lake, akaifunga kwenye gunia lake. Mgambo waliotembea kwa miguu hadi Kampala, iliyoangushwa tarehe 11 Aprili 1979, walikula kilichotoka mikononi mwa watu wanaofanana na mama zao. Nadhani hiyo ndiyo sababu mizaha yao haina chuki ndani yake. Ni vigumu kumchukia mpishi ukijua gunia limetoka wapi.

Mmoja wao anaishi nje kidogo ya Igowole, njia ya kwenda Kibao. Nilimkuta amekaa juani, anachambua mbegu za maharage.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Karibu kigoda."

Mbegu nzuri alikuwa anaziweka ndani ya mestini. Imepoteza mpini mmoja na imekuwa nyeusi nje, ndani inang'aa. Aliingia nayo JKT, akaenda nayo Kagera, akarudi nayo. Anaitumia kupimia mbegu: mestini tatu ni mstari mmoja wa shamba lake la bondeni, hilo halihitaji mtaalamu wa kilimo. Wajukuu hawaruhusiwi kuchezea. Nilimuuliza chakula gani cha huko anakikumbuka. Hakufikiri hata kidogo.

"Ukoko wa Mafinga," akasema. "Hapakuwa na kambi nchi hii yenye ukoko kama wa Mafinga. Ni baridi ile. Sufuria inapoa haraka, ukoko unajibandua wenyewe, mzima, unautoa kama ulivyo."

Jirani yake alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, ameegemea jembe. Yeye alikuwa Mlale, Songea.

"Mzee, usimdanganye mgeni," akasema. "Ukoko unataka moto, hautaki baridi. Mlale tulikuwa na kuni za miyombo, zinawaka usiku kucha. Nyie wa Mafinga mlikuwa mnapikia misindano, moshi mtupu. Ule wenu haukuwa ukoko, ulikuwa ugali uliokauka."

"Misindano ina moto mkali kuliko miyombo!"

"Unawaka na kuzima. Muulize mama yeyote."

Mke wa mzee alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Waliokuwa kambi tofauti walimgeukia wote wawili kwa pamoja, kama mashahidi mbele ya hakimu. Akasema ukoko mzuri hautegemei kuni wala baridi, unategemea unga, na unga wa jeshi la enzi zile ulikuwa dona lisilopepetwa, kwa hiyo kambi zote mbili zilikula pumba. Wanaume wakapinga kwa sauti moja. Dona la jeshi lilikuwa safi, wakasema. Na wakaanza kumweleza jinsi lilivyokuwa likipokelewa, nani alipima, gunia ngapi, na afande wa ugavi alivyokuwa mkali.